Injini ya dizeli inagonga na presha ya oili imeshuka: kabla hujaagiza kranki

Kranki, yaani ule mhimili wa chini unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, ni nadra kufa yenyewe. Kwenye jenereta, kompresa za kuchimbia visima, ekskaveta na mashine za machimbo ya kokoto, muuaji huwa amekaa pembeni: oili iliyoingiwa na dizeli, filta isiyochuja, dampa (kinyonya mtikisiko cha mbele ya kranki) iliyochoka, au mtu aliyepachika metali mahali pasipo pake. Ndiyo maana mwenye mashine ananunua kranki ya mamilioni, inafungwa vizuri tu, na kabla ya mwezi kuisha mlio ule ule umerudi. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, tunamtafuta muuaji, halafu ndipo tunaongelea kuchonga au kubadilisha.

Vipimo nimevichukua kwenye Cummins 6BT ya lita 5.9, ile yenye pampu ya nozeli isiyotumia kompyuta, kwa kuwa ipo kwenye jenereta na mitambo mingi sana. Kama yako ni Perkins, Caterpillar au Komatsu, hatua ni zile zile, ila namba zitoke kwenye kitabu cha injini yako. Nikisema metali namaanisha beringi za nusu duara mbili mbili zinazoikumbatia kranki: za meini zinakaa kwenye bloku, za koni rodi zinakaa kwenye mguu wa pistoni. Shingo ni zile sehemu za kranki zilizosagwa laini ambazo metali hukaa juu yake.

Jambo moja kabla ya yote. Ukisikia mlio mzito ukiambatana na presha kushuka, zima. Usiseme "ngoja nimalizie tripu hii". Metali iliyoanza kulika bado inaweza kubadilishwa peke yake, lakini ikishajizungusha ndani ya makazi yake unabadilisha kranki na koni rodi, na pengine bloku nzima. Ukiizima ikiwa imechemka sana, iache ipoe kwanza kabla ya kufungua kifuniko chochote cha chini. Mvuke wa oili moto ukikutana na hewa unaweza kuwaka.

Presha ya oili iko chini

Kwanza hakikisha kwamba iko chini kweli. Sensa za dashibodi zinadanganya kila siku. Toa sensa, funga geji ya mkono, washa, acha injini ipate joto la kazi, halafu soma. 6BT ikiwa moto haitakiwi kuwa chini ya 69 kPa kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila resi), yaani psi 10, na kwenye mzunguko wa kazi isishuke chini ya 207 kPa, ambayo ni psi 30. Ukipata zaidi ya hapo, nunua sensa na uendelee na shughuli zako.

Kama geji imethibitisha, chomoa kijiti cha kupimia oili kabla ya kugusa spana nyingine yoyote. Kiwango kimepanda kuliko ulivyojaza? Injini haitengenezi oili, kwa hiyo kuna kitu kimeingia. Nusa. Harufu ya dizeli maana yake oili imepungua uzito, na filamu yake haiwezi tena kutenganisha shingo na metali. Angalia fidi pampu, ile inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi, ambayo kiwambo chake kikipasuka dizeli inashuka moja kwa moja kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Angalia sili ya shafti ya pampu ya nozeli, kisha nozeli zinazokojoa badala ya kupuliza. Jenereta kubwa inayobeba mzigo mdogo siku nzima nayo hufanya hivi: dizeli haiungui yote, inashuka kwenye kuta za silinda.

Kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Chunguza kwanza kipoza oili, kisha gasketi ya hedi. Kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, ni mbaya kuliko maji matupu kwa sababu inaozesha metali na kuacha utando mweusi unaonata, ambao hautoki kwa kumwaga oili na kuweka nyingine. Injini iliyokunywa kulanti ifunguliwe, hata kama haijaanza kugonga.

Oili ikiwa safi na kiwango kiko sawa, tazama presha imeshukaje. Iliyoporomoka ghafla mara nyingi ni vali ya kupunguzia presha iliyokwama wazi kwa kipande cha uchafu, au bomba la kunyonya oili lililopata ufa na kuvuta hewa. Hayo yanatatuliwa bila kugusa kranki. Iliyokuwa ikishuka pole pole kwa miezi, nzuri asubuhi na mbaya mchana injini ikichemka, ndiyo inayoelekeza kwenye metali zilizolika au pampu ya oili iliyochoka.

Hapa niseme kuhusu ile tiba ya mtaani ya kuweka oili nzito zaidi au kile kichupa cha dawa ili mshale upande. Mshale utapanda kweli. Ila geji inapima ugumu wa oili kupita, haipimi ni kiasi gani kimefika kwenye shingo ya mwisho. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika, na sehemu yake inarudi kwenye sampu kupitia vali ya presha bila kupita kwenye metali hata moja. Kama kitabu kimesema 15W-40, weka 15W-40 kutoka kwenye dumu lililofungwa, si oili ya kupimiwa kwenye chupa.

Inagonga, lakini wapi?

Kabla ya kushusha sampu, kagua bolti za kopolingi (kiungo) kati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na jenereta, pamoja na ile sahani nyembamba inayoziunganisha. Bolti zilizolegea au sahani iliyopasuka hutoa mlio ambao hata fundi mzoefu ataapa kuwa ni kranki. Angalia pia miguu ya injini. Ni kazi ya muda mfupi na imeokoa ovahoo (kufungua injini nzima) nyingi.

Baada ya hapo sikiliza. Mlio wa metali ya koni rodi ni mkavu, wa haraka, na husikika zaidi unapopandisha resi kidogo kisha ukaachia. Wa meini ni mzito, unatoka chini kabisa, na unakuja mzigo unapoingia. Wakati mwingine unausikia kwa nyayo za miguu kabla ya masikio. Pistoni inayopiga ukuta wa silinda hugonga injini ikiwa baridi na kutulia ikipata joto. Nozeli mbovu nayo hugonga kwa ukali, na hii ndiyo inayowachanganya wengi.

Kuipata silinda yenyewe, legeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensi. Vaa glovu na miwani, na usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka. Mlio ukififia au kubadilika unapolegeza silinda fulani, tatizo liko hapo, kwenye nozeli, pistoni au metali ya koni rodi. Badilisha nozeli hiyo na ya jirani: mlio ukihama nayo, kranki haina kosa. Mlio usiobadilika kwa silinda yoyote unaelekea meini au nje ya injini. Usithubutu kufanya jaribio hili kwenye injini ya komoni reli, ile ambayo nozeli zake zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa. Presha yake inapenya ngozi.

Kwenye 6BT za zamani kuna jambo la ziada mbele, kwenye nyumba ya gia za taimingi. Kuna pini ndogo ya chuma inayoshikilia mkao wa nyumba hiyo, nayo huweza kutoka na kuangukia kwenye gia. Mlio wa chuma kusagana upande wa mbele usiuhesabu kuwa wa kranki mpaka uwe umefungua kifuniko hicho.

Filta ina chenga za chuma

Kata filta iliyotumika kwa kikatio, siyo msumeno, maana msumeno utakuwekea chenga zake mwenyewe. Kunjua karatasi, ikamue, iweke juani na upitishe sumaku. Kinachonasa ni chuma: ringi, gia, kemshafti, au shingo ya kranki yenyewe. Kisichonasa, chenye rangi ya fedha na laini ukikibonyeza kwa kucha, ni tabaka la juu la metali, au aluminiamu ya pistoni. Ukiona rangi ya shaba, tabaka la juu limekwisha na sasa unakula la katikati. Hapo mashine isitoke tena kwenda kazini. Shusha sampu.

Mchezo wa mbele na nyuma

Sukuma kranki kwa mtaimbo mbele na nyuma huku dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) ikiwa imegusa puli. Kwa 6BT kitabu kinaruhusu takriban 0.10 hadi 0.43 mm. Ikizidi, trasti, yaani metali inayozuia kranki kwenda mbele na nyuma, imekwisha, na trasti haiishi bila kusukumwa. Kwenye jenereta, chanzo kikubwa ni kuunganisha injini na jenereta bila kuacha nafasi ndogo ya mbele na nyuma, hivyo rota inaisukuma kranki muda wote. Kwenye mashine yenye klachi, ni dereva anayepumzisha mguu kwenye pedali. Kwenye zenye tokikonveta, ni konveta ambayo haikukaa vizuri kwenye pampu ya gia. Kubadilisha trasti bila kurekebisha hilo ni kununua muda tu.

Sili ya nyuma inayovuja kila ukibadilisha iingize kundi hili hili. Pima mchezo wa meini ya mwisho na usafishe bomba la kupumulia injini kabla ya kulaumu sili.

Mtetemo, na kranki iliyokatika

Kranki iliyokatika vipande viwili inawashangaza watu kwa sababu metali zake mara nyingi zinakutwa nzima. Hii haikufa kwa oili. Kila silinda inapofyatua, kranki inajipinda kidogo kisha inajirudisha, na dampa ya mbele ndiyo inayonyonya mtikisiko huo. Dampa ikifa, kranki inabeba peke yake mpaka ufa unaanza, kwa kawaida kwenye kona ya mviringo pembeni mwa shingo au kwenye tundu la oili. Ukitazama mkato utaona mistari kama ya maji yaliyokupwa ufukweni, ikianzia sehemu moja, na sehemu ya mwisho iliyokwaruka ni ile iliyovunjika kwa mara moja.

Dampa ya mpira ina alama mbili, moja kwenye kitovu na nyingine kwenye ringi ya nje. Zikipishana zaidi ya 1.6 mm hivi, mpira umeachia, itupe. Ile ya kimiminika huwezi kuiona ndani, lakini ikiwa imebonyea au inavuja kitu kizito kama grisi, imekwisha. Usiitoe kwa nyundo, tumia kivutio cha bolti. Wakati wa ovahoo mimi huibadilisha bila mjadala, kwani ni bei ndogo kuliko kranki.

Kusoma metali za zamani

Unapofungua, panga metali zote mezani kwa mpangilio zilivyotoka, juu na chini, namba kwa namba, na usizioshe kabla ya kuzitazama. Kumbuka mzigo: kwenye meini nusu ya chini ndiyo inayobeba zaidi, kwenye koni rodi ni ya juu. Kulika kidogo upande huo ni jambo la kawaida kwa injini yenye masaa mengi.

Mikwaruzo inayozunguka, na punje zilizozama kwenye metali, ni uchafu. Ukiikuta kwenye metali zote, uchafu ulikuja na oili. Kagua filta, na usisahau njia ya hewa, maana vumbi la kokoto lililopita kwenye filta ya hewa iliyotoboka huishia kwenye oili.

Metali iliyopakwa kama siagi, yenye kung'aa na rangi ya kuungua, ilikosa oili. Moja tu ikiwa hivyo, njia ya oili ya shingo ile imeziba. Au mtu alipachika nusu isiyo na tundu upande wa bloku, ambako oili inatokea. Kosa hili la pili lipo zaidi ya unavyodhani, na injini huenda vizuri dakika chache tu kabla ya kukwama.

Doa moja linalong'aa mgongoni mwa metali, na jingine lililolika mbele yake, ni chembe ya uchafu iliyobanwa nyuma wakati wa kufunga. Kulika pembezoni kwa mshazari, kushoto juu na kulia chini, ni koni rodi iliyopinda. Meini za katikati zikilika kuliko za pembeni, shuku kranki iliyopinda au bloku iliyopoteza mnyoofu baada ya kuchemka.

Nyufa ndogo ndogo zenye vipande vinavyobanduka ni uchovu wa mzigo: injini imelazimishwa kuvuta kwenye mzunguko mdogo, au taimingi imewekwa mbele mno.

Vitobo vidogo vingi vya rangi ya kijivu kwenye shingo na metali, bila mikwaruzo, ni umeme. Mtu alichomelea fremu ya mashine akaweka waya wa ethi (waya wa kurudisha umeme) upande wa pili, na mkondo ukapita kwenye kranki kutafuta njia. Ethi ikae karibu na pale unapochomelea, kila mara.

Kuchonga au kununua

Osha kranki, pima kila shingo kwa maikromita sehemu mbili kwa urefu na pande mbili kwa mzingo. 6BT inaruhusu tofauti ya mzingo isizidi 0.050 mm na tofauti ya ncha kwa ncha isizidi 0.013 mm. Shingo ya meini ikiwa standadi ina kama 83 mm, ya koni rodi kama 69 mm. Tofauti ikizidi mipaka hiyo, au ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, inachongwa kwenda 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 mm chini. Ukichonga 0.25, kila nusu ya metali inanenepa kwa 0.125. Chonga shingo zote za kundi moja saizi moja, hata kama iliyoumia ni moja, la sivyo fundi wa kesho atateseka.

Kabla ya kulipia kuchonga, dai ipimwe nyufa kwa sumaku. Kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, au za Nairobi wapo wenye mashine hiyo, na wapo watakaokwambia haina haja. Nenda kwa wa kwanza. Mwambie mchongaji aache kona ya mviringo ya shingo kama ilivyotoka kiwandani, kwani kona iliyokatwa kali ndipo kranki itakapokatikia. Uliza pia kama kranki yako imeimarishwa kwa naitraidi (kugandishiwa tabaka gumu la nje): tabaka hilo ni jembamba, na likiondoka kwa kusagwa linahitaji kurudishwa. Kujaza shingo kwa kuchomelea kisha kusaga, kwa injini ya viwandani, mimi siruhusu. Itafanya kazi mpaka siku itakapokatika, na itapasua bloku.

Ikirudi kutoka kuchongwa, toa plagi zote za njia za oili na upitishe brashi mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Unga wa jiwe la kusagia ndio unaoua kranki nyingi zilizochongwa upya. Kipoza oili kilichopitiwa na chenga za metali usihangaike kukiosha. Chenga zinajificha kwenye mapezi yake na zitatoka siku unayowasha. Badilisha, na kagua beringi za tabo pia, kwani inakunywa oili hiyo hiyo.

Kufunga

Mgongo wa metali na makazi yake viwe vikavu na safi kabisa. Uso wa ndani upake oili ya injini, si grisi. Metali ikichomoza kidogo juu ya ukingo wa makazi ndivyo inavyotakiwa, ili ibanwe isizunguke. Anayesaga kepu (kifuniko kinachobana metali) ili "ibane vizuri", au anayeweka kipande cha kopo la soda chini ya metali kuua mchezo, mwondoe kwenye mashine yako.

Hakikisha nafasi ya oili kwa plastigeji. Weka uzi wake juu ya shingo, funga kepu kwa toki (nguvu ya kukazia) kamili, usizungushe kranki, fungua, linganisha upana. Kadirio la kazi ni 0.001 ya kipenyo, hivyo shingo ya 83 mm inaelekea kwenye 0.08 mm, kitabu ndicho kinachoamua. Namba za koni rodi na kepu yake zilingane na zikae upande mmoja, na kepu za meini zirudi kila moja mahali pake.

Bolti za meini za 6BT ya zamani zinakazwa kwa hatua: 60, 119, kisha 176 Nm, kuanzia katikati kwenda nje. Za koni rodi ni 35, 70, 100 Nm. Paka oili kwenye nyuzi kabla ya kukaza, la sivyo toki unayosoma si ile inayobana. Baada ya kila kepu, zungusha kranki kwa mkono. Inapokaza ghafla, tatizo liko kwenye kepu uliyoifunga sasa hivi, usiendelee mbele ukitarajia itajilegeza. Injini za kisasa zinazokazwa kwa pembe ya kuzungusha (digrii) zina bolti zinazorefuka. Zipime urefu au ununue mpya.

Kuwasha

Jaza filta oili, kata dizeli kwa solenoidi ya kuzimia, na uzungushe kwa stata kwa vipindi vifupi, usizidi sekunde 30, ukiipumzisha katikati, mpaka geji ionyeshe presha. Ndipo uwashe. Presha isipoonekana ndani ya sekunde chache, zima utafute, usipige resi kuilazimisha. Ikiwa sawa, acha ipate joto, zima, kagua uvujaji, halafu iwekee mzigo wa wastani. Jenereta isiachwe ikizunguka bure kwa masaa, maana ringi hazitakaa na dizeli itaanza tena kushuka kwenye oili.

Ikifika saa 50 mwaga oili, kata filta, kunjua karatasi na upitishe sumaku kama mwanzo. Vumbi laini kidogo lenye kunasa ni ringi mpya zinazokaa. Rangi ya shaba, shusha sampu siku hiyo hiyo.